Mwanamke wa Maabara na Swali la "Utarudi Lini?"

Kila nijapo likizo nyumbani Vigwaza, hupokewa kwa swali moja kabla sijatua begi: "Utarudi lini moja kwa moja?" Huuliza mama mdogo, huuliza majirani, na safari hii aliuliza hata muuguzi aliyempima malaria mtoto wa dada yangu. Kaka yangu ni dereva wa malori yaendayo Lubumbashi. Hupita hapa kwenye mizani, husalimia, hununua chakula, huondoka tena kwa majuma kadhaa, wala sijapata kumsikia mtu akimwuliza atatulia lini. Safari yake huitwa kazi. Yangu huitwa kupotea.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja nchini Uingereza. Naona swali hilo huulizwa mahali pasipo pake, na anayelipa gharama yake ni mgonjwa. Lipasalo kuulizwa ni hili: mwanamke huyu ameondoka na nini mkononi, na akirudi atakuta meza gani ya kufanyia kazi?

Tazama Bagamoyo, makao makuu yetu ya zamani. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake pale, na kituo hicho kilikuwa miongoni mwa 11 vya nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa mwaka 2023, nayo ilijaribiwa pale pia. Katika utafiti wa namna hiyo huja vijana wa Ulaya, wanawake kwa wanaume, wakajenga taaluma zao juu ya damu iliyotolewa kwenye vidole vya watoto wetu. Siwalaumu hata kidogo, wengine walinifundisha. Nasema tu kwamba sisi tuliwaita watafiti, na hakuna bibi wa Bagamoyo aliyewaambia wamekimbia kwao.

Marehemu Dkt. Mwele Ntuli Malecela alisomea zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akajiunga na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1987, kituo cha Amani mkoani Tanga, kisha akaenda London kusoma hadi shahada ya uzamivu. Kazi yake ilikuwa matende na mabusha, maradhi ya pwani yetu hii. Vimelea vya ugonjwa huo hujitokeza katika damu ya juujuu usiku, saa ambazo mbu wanaoueneza huuma. Kwa hiyo anayeutafiti kwa hadubini hana budi kuchukua damu usiku, kijiji hadi kijiji, wakati ambapo msichana mwenye adabu husemwa yumo ndani amelala. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ulianzia Mafia, katika mkoa wetu huu wa Pwani, mwaka 2000, kwa dawa mbili, ivermectini na albendazoli, zilizogawiwa kwa jamii nzima mara moja kwa mwaka. Na yeye ndiye aliyeuongoza. Mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza taasisi ile. Baadaye akaondoka tena, Brazzaville kwanza na halafu Geneva, akaisimamia idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele ya Shirika la Afya Duniani hadi kifo chake Februari 2022. Mgonjwa wa busha kule Mafia alipungukiwa na nini kwa Dkt. Mwele kuwa Geneva?

Msomaji atanikumbusha kwamba alikuwa binti wa waziri mkuu mstaafu. Ni kweli. Sidai kwamba jina lilimfanyia kazi, maana kioo cha damu hakisomeki kwa ukoo. Lakini wengi wetu hatuna hata jina la kutajwa mlangoni, na ndiyo sababu nayasisitiza makaratasi.

Mimi niliondoka na cheti na leseni, nikadhani yatosha. Baraza linalosajili wataalamu kule likataka muhtasari wa kila somo, saa za mafunzo ya vitendo, na barua ya mwajiri inayotaja vipimo nilivyovifanya. Chuo nilichosoma kilichukua miezi 14 kujibu. Mkuu wangu wa zamani hakujibu kabisa. Miezi hiyo niliogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Ni kazi ya heshima, nami niliwapenda wazee wale, lakini nilikuwa nayasahau niliyoyasomea. Nilipoingia maabara niliingia kama msaidizi, chini ya vijana waliokuwa hawajaona vimelea vya malaria ila kitabuni. Siku ilipoletwa damu ya msafiri mwenye homa, niliitwa mimi. Jicho lile lilinolewa hapa Pwani, kwa vioo vya kila asubuhi.

Upande wa kurudi nao una lawama zake. Mwenzangu mmoja alirejea akiwa amebobea katika kuotesha vijidudu na kupima ni dawa ipi inayowaua. Miaka yake ya nje haikuhesabiwa, vitendanishi havikuwapo, akapangiwa rejista ya mapokezi. Aliondoka tena kabla mwaka haujaisha, na watu wakasema wanawake wa siku hizi hawatulii. Mgonjwa mwenye kidonda kisichopona hakuyajua hayo. Yeye alibadilishiwa dawa kwa kubahatisha, mara ya tatu.

Mwajiri angeweza kumpa mtumishi likizo ya kueleweka, akaihesabu miaka yake, akamwandikia barua siku anapoaga badala ya miaka 2 baadaye. Hayo hayahitaji mfadhili.

Nilimweleza muuguzi yule haya yote, mtoto akiwa mapajani mwangu tukisubiri dakika 15 za kipimo. Kikatoka hasi. Kumbe ana binti anayesomea stashahada ya maabara, yuko mwaka wa mwisho. Akageuza karatasi ya majibu upande wa nyuma, akanipa kalamu. "Haya, dada, niandikie," akasema. "Muhtasari wa masomo, saa za vitendo, na ile ya tatu ulisema nini?"