Eti Tulijitoa Wenyewe!

Najua wengi mna tesiti wiki hii, lakini hili siwezi kuliacha lipite.

Mnakumbuka lile tangazo la kusaini bumu? Lilitumwa kwenye orodha yetu ya barua pepe, ile inayoendeshwa na seva ya pale kitivoni. Wenzetu kadhaa hawakulipata. Walipokwenda kuuliza wakajibiwa kwa mkato: "Mlijitoa wenyewe." Mmoja wao mpaka leo anakula kwa mkopo kwa mama ntilie, na hajawahi kubonyeza kitu chochote cha kujitoa. Mimi nasema jibu lile si la haki. Tuliomba turuhusiwe kusoma logi za seva, tukaruhusiwa, na mambo yako wazi.

Seva ikipeleka barua, seva ya upande wa pili hujibu kwa namba. Ikianza na 4, maana yake ni jaribu tena baadaye. Ikianza na 5, hapana, usirudi. Lakini hiyo hapana ina sababu nyingi jamani. 550 5.1.1 ni kwamba anwani haipo. 552 5.2.2 ni kwamba sanduku limejaa (zile GB 15 za bure za Google mnazijaza picha za mahafali halafu mnashangaa). Na 550 5.7.26 ni Gmail inasema haiamini kwamba barua imetoka kweli kwa anayeonekana kuituma. Barua za wenzetu zote zilirudi na hii ya tatu. Yaani anwani zao nzima kabisa, wenyewe wapo, ila barua ilitiliwa shaka.

Shaka ilitoka wapi? Kuna mwenzetu mmoja anatumia Yahoo na anapenda sana kuandika. Aprili 2014 Yahoo waliagiza, kupitia mfumo wa DMARC, kwamba barua yoyote inayojiita ya yahoo.com bila uthibitisho wake ikataliwe. AOL wakafuata mwezi huohuo. Sasa orodha yetu ikipokea barua ya huyu bwana, inabandika jina la orodha kwenye kichwa cha barua, inaongeza maelezo chini, ndipo inaisambaza. Saini ya DKIM inavunjika kwa sababu barua imeguswa. SPF nayo haisaidii, maana inachothibitisha ni seva yetu, siyo Yahoo. Gmail inaona jina la Yahoo limeletwa na mtu mwingine, inakataa.

Na uonevu wenyewe uko hapa: Mailman, programu inayoendesha orodha, inamhesabia makosa mpokeaji! Kwa mipangilio yake ya kawaida, siku yenye barua iliyokataliwa kabisa ni pointi 1. Zikifika 5, bila kupita wiki nzima ya utulivu katikati, unazimiwa barua. Halafu unatumiwa onyo mara 3, kila baada ya siku 7, kisha unafutwa. Waliobahatika kuliona onyo walibonyeza kiungo wakarudi. La wengine lililala kwenye spamu. Kwa hiyo mtu wa Yahoo akiwa na maneno mengi wiki moja tu, wa Gmail wananyamazishwa.

Tena ushahidi uko palepale kwenye ukurasa wa wanachama. Wale waliozimiwa lakini hawajafutwa bado, pembeni ya majina yao pana herufi B, yaani wamezimwa kwa sababu ya barua kurudi. Mtu akizima mwenyewe inaandikwa U. Herufi moja tu, na hakuna aliyejisumbua kuitazama kabla ya kuwaambia watu "mlijitoa".

Nakubali kwamba anwani iliyokufa lazima ifutwe. Seva ikiendelea kugonga milango isiyo na mtu inapata sifa mbaya, mwisho hata barua nzuri zinaishia kwenye spamu. Hiyo ni 5.1.1, sawa, futeni. Lakini 5.7.26 si kosa la mwenye anwani hata kidogo.

Kuna wanaosema seva ifungwe tuhamie WhatsApp. Sikubali. Kule kundi lina kikomo cha watu 1,024, namba yako ya simu inaonwa na kila mtu, na tangazo la asubuhi hadi jioni limeshafukiwa na stika.

Dawa ipo, tena siyo ngeni. Tangu toleo la 2.1.18 la mwaka 2014, Mailman ina mpangilio wa kufanya barua za watu wa namna hiyo zitoke kwa anwani ya orodha, na jina la mwandishi likibaki linaonekana. Ni kuchagua tu na kuhifadhi. Na SPF na DKIM za seva yetu zikaguliwe, maana tangu Februari 2024 Gmail imekaza sana kwa kila anayetuma. Baada ya hapo waliofutwa warudishwe bila kuambiwa wajaze fomu upya, na asifutwe tena mtu kabla mtu mwingine hajaisoma namba ya jibu.

Barua ya kuomba haya iko kwa CR. Tunakusanya saini Alhamisi kabla ya kipindi cha kwanza, njooni na namba za usajili. Na wewe wa Yahoo, unajijua, usijisikie vibaya. Ila punguza kidogo mpaka warekebishe.