Usiseme "Wote Wanafanya Hivyo"



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, siku ya Idi alitutembelea kijana tuliyemsomesha Juzuu Amma hapa Mbale. Sasa ni mhasibu katika kampuni moja Kampala. Tulipomwita Yusufu aliona haya kidogo. Ofisini anaitwa Joe. Sala ya Ijumaa? "Ustadhi, saa hiyo tuna mkutano." Kisha akalitoa lililomsumbua: anatakiwa kusaini risiti za safari ambazo hazikufanyika. Wote wanasaini. Akikataa ataonekana mkaidi.

Tulitaka kumlaumu. Lakini nani alimfundisha? Ni sisi tuliomwambia nyumbani: "Usijitenge, fanya kama wenzako, kazi ni adimu." Zamani za ukoloni, watoto wengi wa Kiislamu walibadilishwa majina katika shule za misheni. Leo tunayabadilisha wenyewe. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa hapa Mbale mwaka 1988 ili Muislamu asome bila kuiacha dini yake mlangoni. Je, alihifadhiwa huko ili aje kuiacha kwenye mlango wa ofisi?

Wako wasemao kazi ni kazi, dini ni msikitini. Tunawapinga. Hatukatai sare, kuwahi, wala kumtii mkubwa katika la halali. Hayo ni mapatano, na Suratul Maida inaanza kwa kutuamrisha kutimiza mapatano. Anayeaga kwenda kuswali Adhuhuri akarudi saa tisa anamwibia mwajiri, na anawachafulia Waislamu jina. Lakini mshahara unalipia muda na ujuzi wetu. Haulipii ulimi wetu kusema uongo.

Ibn Mas'ud (r.a.) aliwaonya watu wasiwe "imma'a", yaani mtu asiye na msimamo, anayefuata tu waendako watu. Na Nabii Yusufu (a.s.) alisimamia hazina za Misri chini ya mfalme asiye wa dini yake. Aliaminiwa kwa uadilifu na elimu yake, wala hakulazimika kufanana nao.

Vijana, sheria pia iko nanyi. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 29, inalinda uhuru wa kuabudu, na Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi wa dini kazini. Omba ruhusa ya Ijumaa kwa barua, na muda huo ufidie. Wengine hulalamika wamenyimwa, kumbe hawajaomba hata siku moja!

Yusufu tulimwambia akatae saini ile kwa adabu. Akatuuliza: "Nikifukuzwa, Ustadhi, nani atamlipia mama kodi ya nyumba?"

Tulinyamaza. Swali lile ni letu sote. Tukimwamrisha kijana asimame, basi familia na jamaa wa msikiti tuwe tayari kupokea kidogo, na kumchangia mpaka apate kazi nyingine. Tukiendelea kupokea pesa kila mwezi bila kuuliza zimepatikanaje, basi saini ile ni yetu pia.

Wabillahi tawfiq.