Surua haitatungoja tupatane

Siku ya chanjo inapofika hapa Kamanyola, Kivu Kusini, kuna milango inayofungwa mapema. Mareko, wale wahamasishaji wa afya wa mitaani, wanaifahamu, muuguzi mkuu wa kituo anaifahamu, na shefu wa avenyu akibanwa kidogo atakutajia wenye nyumba mmoja mmoja. Ripoti inayopanda mlima wa Ngomo kwenda Bukavu huwamaliza kwa neno moja: wamekataa. Hesabu inaingia kwenye jedwali, jedwali linaingia kwenye faili, na watoto wanabaki kama walivyokuwa.

Gazeti hili linaona hatari mbili hapo. Ya kwanza ni surua yenyewe. Ya pili ni wakubwa wetu wa afya kuridhika na ripoti hiyo, kana kwamba mzazi aliyefunga mlango hana la kusema.

Surua tunaijua. Kuanzia 2018 hadi serikali ilipotangaza mwisho wa mlipuko Agosti 2020, iliua Wakongomani zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wasiofika miaka 5. Katika kipindi kilekile Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri iliua watu karibu 2,300. Ebola ililetewa magari mapya, mahema na kamera za dunia nzima. Surua ilizikwa kimyakimya, kaburi dogo baada ya kaburi dogo. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa katikati ya watu wasio na kinga, huambukiza wengine 12 hadi 18, na ili ugonjwa ukose pa kupita, watoto 95 kati ya 100 lazima wawe na kinga. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta kwamba nchini mwetu ni kama mtoto 1 kati ya 3 tu, wa mwaka mmoja hadi miwili, aliyekuwa amekamilisha chanjo zake.

Sasa ipime Kamanyola kwa hesabu hiyo. Huku kuna Bugarama ya Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, na mama wanavuka kila siku na nyanya, unga na watoto mgongoni. Kule kuna barabara ya Luvungi, Sange na Uvira. Nyuma kuna Bukavu. Ongeza waliokimbia vita, wanaolala watu kumi katika chumba cha watu watatu, na watoto waliodhoofishwa na bwaki, yaani utapiamlo. Surua haihitaji zaidi ya hapo.

Kwa nini basi mzazi mwenye akili timamu afunge mlango?

Jibu linalotolewa haraka kwenye semina za hotelini ni ujinga. Sisi hatulikubali. Bonde hili la Ruzizi lina historia na chanjo ambayo wengi wa wanaokuja kulihubiria hawaijui. Kati ya Februari na Aprili 1958, enzi ya Wabelgiji, watu zaidi ya 200,000 wa bonde hili, upande wa Kongo na upande wa Ruanda-Urundi, walipewa mdomoni chanjo ya polio iliyoitwa CHAT. Aliyeitengeneza ni Hilary Koprowski, mtafiti aliyefanya kazi Marekani, na aliyesimamia kazi huku ni daktari Ghislain Courtois wa maabara ya Stanleyville, Kisangani ya leo. Chanjo hiyo ilikuwa bado kwenye majaribio. Taarifa yake ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mababu zetu, waliofungua midomo, hawakuwa watu wa kuulizwa wanataka au hawataki. Mkoloni hakuwa na desturi hiyo.

Miaka 40 baadaye, mwandishi Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu kikubwa, The River, akidai kwamba chanjo ile ndiyo iliyoleta UKIMWI, kwa sababu ya sokwe waliotumiwa na watafiti karibu na Kisangani. Dai hilo ni la uongo, na tunaliandika waziwazi. Chanjo iliyobaki ilipimwa, hakukutwa virusi vya UKIMWI wala chembe ya sokwe. Virusi vya sokwe wa Kisangani ni vya ukoo mwingine. Ukoo wa virusi vilivyoenea duniani umefuatiliwa hadi kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na ulikuwa umeshaingia kwa binadamu mwanzoni mwa karne iliyopita, miongo kadhaa kabla ya 1958. Lakini je, nani amewahi kuja bondeni kuwaeleza watu hayo yote, kwa Kiswahili, kwa utulivu, na kujibu maswali? Jaribio lilikuwa la kweli, shutuma haikuwa ya kweli, na mwenyeji aliachwa na vyote viwili vikiwa vimechanganyika. Mzee anayemwambia mkwewe "sisi walitujaribia" hasemi uzushi mtupu. Amechukua ukweli akaushonea ncha ya uongo, na ncha hiyo huwezi kuikata ukianza kwa kumcheka.

Kisha 2020 ikaja. Siku ya kwanza ya Aprili, kwenye televisheni ya Ufaransa, daktari mmoja na mtafiti mmoja walizungumzia kuijaribu barani Afrika chanjo ya BCG dhidi ya korona. BCG, ileile ambayo mtoto wetu hudungwa anapozaliwa. Kipande hicho kilizunguka kwenye WhatsApp kuliko tangazo lolote la wizara. Siku chache tu baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtu tunayemheshimu kwa kazi yake ya Ebola tangu 1976, akatamka Kinshasa kwamba Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo ya korona. Alirudi kufafanua kwamba haingeanza kwetu, ila ufafanuzi ulikuta neno limeshafika sokoni. Mama wengi hawakutofautisha chanjo ya korona na sindano ya mtoto. Wangetofautishaje? Muuguzi ni yuleyule, sanduku la baridi ni lilelile.

Na tusisahau Septemba 2021, tume huru ilipothibitisha kwamba wafanyakazi wa mapambano dhidi ya Ebola, wakiwemo wa Shirika la Afya Duniani, waliwadhulumu kingono wanawake wa mashariki mwa nchi hii, baadhi kwa kuwaahidi kazi. Mwanamke aliyesikia hayo akimwona mgeni mwenye fulana na kitambulisho shingoni, ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu kabla ya kumkabidhi mwanawe.

Kuna jambo jingine ambalo wahudumu hulikwepa. Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto 6 wa Kongo, katika mikoa ya Tanganyika na Kivu Kusini, na 1 wa Burundi, walipooza kwa virusi vya polio vilivyotokana na chanjo mpya ya matone. Mkoa wetu. Kulificha hilo ni kujichimbia shimo, kwa sababu watu walilisikia, na waliolisikia nusunusu ndio wanaofunga milango. Lielezwe lilivyo: tone lina virusi vilivyodhoofishwa, mtoto huvitoa kwa choo, na choo chetu tunajua kinaishia wapi. Mahali ambapo karibu watoto wote wana kinga, virusi hivyo hufika ukingoni na kufa. Mahali ambapo wengi hawana, hupita kutoka mtoto hadi mtoto miezi na miezi, vikabadilika, vikarudishiwa nguvu ya kupoozesha. Mtoto anayepooza kwa namna hiyo ni yule ambaye kinga haijamfikia. Mama wa Kamanyola anauza samaki, anabadilisha franga za nchi tatu kichwani bila karatasi. Hilo hatashindwa kulielewa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejisumbua kumweleza.

Hata hivyo, ukikaa na wazazi wenyewe utagundua kwamba 1958 na Ufaransa si habari yao kubwa. Wengi waliohesabiwa kuwa wamekataa hawakukataa chochote. Walichoka.

Kichupa cha chanjo ya surua kina dozi 10, cha BCG 20. Kikishafunguliwa, baada ya saa 6 kilichobaki kinamwagwa. Muuguzi anayeogopa kuulizwa dozi zimekwenda wapi husubiri watoto watimie. Mama amefika saa mbili asubuhi, ameacha biashara ya Bugarama, na saa tano anaambiwa: watoto hawajatosha, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo anaambiwa umechelewa. Kadi imelowa mvua au imebaki kijijini alikokimbia, naye anakaripiwa mbele ya wenzake. Chanjo ni bure, tunakubali, lakini mahali pengi nchini kadi ina bei, na maneno ya muuguzi asiyelipwa mshahara miezi mingi nayo yana bei yake. Siku moja bila kuuza ni siku moja bila chungu jikoni. Mwambie mtu huyo mara ya tatu arudi, uone kama hatafunga mlango.

Halafu kuna usiku wa kwanza. Sindano ya paja ya wiki ya 6 inaweza kuleta homa na uvimbe. Ni kawaida na hupita baada ya siku moja au mbili. Kama hakuna aliyemwambia mama, saa saba ya usiku mtoto anawaka moto, baba anaamka akifoka, "mlimfanya nini mtoto wangu?", na uamuzi wa nyumba unatolewa papo hapo gizani: hakuna kurudi. Sentensi moja ya muuguzi mchana ingeweza kuzuia hilo. Watoto wengi wa Kamanyola wamekosa dozi ya wiki ya 10 na ya 14 kwa sababu ya sentensi hiyo moja, nasi tunaliona hilo kuwa aibu kubwa kuliko uvumi wote wa WhatsApp.

Kuna swali jingine ambalo mama huuliza watoaji wa matone ya polio wanapopita nyumba kwa nyumba na kuchora chaki mlangoni: mbona kwa polio mnanifuata hadi chumbani, ila mtoto akipata malaria nakuta kituo hakina dawa? Hatujasikia jibu la kuridhisha. Mtu anayeletewa bure asichokiomba, na kuuziwa anachokililia, ataanza kushuku.

Wapo wanaokataa kwa imani, na hao ni habari tofauti. Wafuasi wa dhehebu la Kitawala walikataa tangu zamani. Hapahapa Kamanyola tuliishi na wakimbizi wa Burundi, wafuasi wa nabii Eusebie Ngendakumana, maarufu Zebiya, waliokataa kuandikishwa kwa alama za vidole na kukataa chanjo. Septemba 2017 askari wetu waliwafyatulia risasi walipoandamana kudai wenzao waliokamatwa. Walikufa zaidi ya 30. Machi 2018 waliobaki, karibu 2,500, walivuka kwenda Rwanda, na huko pia wakakataa chanjo, kisha wengi wakarudishwa kwao. Hawakuuawa kwa ajili ya chanjo, na tusije tukapotosha. Lakini mji ulioona hayo haupaswi kamwe kumwona mtu mwenye bunduki akisimama karibu na sanduku la chanjo. Anayependekeza leo kwamba wakaidi wapelekewe polisi, na wapo wanaopendekeza, ama hajui Kamanyola ama hajali.

Hatuwatetei wazazi kwa kila jambo. Baba anayemkataza mkewe wakati yeye mwenyewe ana kovu la BCG mkononi, alilopewa na wazazi wasiokuwa na kitu, anamnyima mwanawe kile alichopewa yeye. Mchungaji anayehubiri kwamba sindano ina alama ya shetani na wanawe amewachanja Bukavu, aulizwe hadharani na waumini wake. Na wale wanaotuma sauti za uzushi usiku kwenye vikundi vya simu waelewe kwamba surua haitachagua nyumba za waliowasikiliza tu.

Tunachodai kinajulikana na si ghali. Kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri hivyo kwa surua, na dozi iliyomwagwa ni rahisi kuliko mtoto aliyezikwa. Chanjo ishushwe sokoni na kwenye kivuko alfajiri, kabla mama hawajavuka. Aliyechelewa apokelewe bila matusi, maana dozi iliyokosekana miezi 9 bado inaweza kutolewa baadaye, na ya pili ya miezi 15 vilevile. Kadi iliyopotea ibadilishwe bure. Kila mama aambiwe habari za homa kabla hajafungua mlango wa kutoka. Mareko, wanaotembea juani kwa fulana na ahadi, walipwe.

Na kwa wenye silaha: Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, ndege za uwanja wa Kavumu zilikoma, na vita vilishuka bondeni hadi Uvira Desemba ya mwaka huohuo. Hata barabarani, chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Ikikaa kwenye joto muda mrefu inaharibika, na muuguzi akiidunga hivyo ni kama anadunga maji. Kila upande unaosema unawapigania wananchi, na kila mwenye kizuizi barabarani kutoka Nyangezi hadi Luvungi, waliache gari la chanjo lipite usiku na mchana, bila kodi, bila kufunguliwa masanduku juani.