Busia: Marufuku ya plastiki haitoshi, vijana wapewe mashine

NI miaka kadhaa sasa tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Agosti 28, 2017. Adhabu iliyowekwa ni kali: faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne gerezani.

Hata hivyo, katika maeneo ya mpakani kama vile Burumba, mjini Busia, na Malaba, mifuko hiyo haijatoweka. Uganda ilitangaza marufuku yake mwaka wa 2009, lakini utekelezaji ukasuasua. Matokeo yake ni kuwa mifuko huvushwa kupitia njia za panya, na anayenaswa mara nyingi ni kijana mbebaji, si tajiri mwenye mzigo.

Misako pekee haiwezi kutibu donda hili. Mwenye duka anahitaji kitu cha kufungia bidhaa, na kijana anahitaji riziki. Swali ambalo halijajibiwa ni nani atakayetengeneza vifungashio mbadala, na kwa zana gani.

Mojawapo ya zana hizo ni mashine ndogo ya kukatia inayoongozwa na kompyuta. Fundi huchora kwenye kompyuta sanduku likiwa limefunuliwa bapa, akitenga mistari ya kukatwa na ile ya kukunjwa. Mashine huivuta karatasi mbele na nyuma huku wembe ukienda kulia na kushoto. Penye mkunjo, wembe hukwaruza tu au kutoboa vijitundu, ili kadibodi ikunjike bila kupasuka. Kinachosalia ni kukunja na kutia gundi.

Mashine hiyo hiyo hukata plastiki nyembamba, mathalani kidirisha cha sanduku la keki au kielelezo cha kupakia rangi ya maandishi ukutani. Wembe una faida hapa kuliko mwale wa leza, kwa kuwa plastiki aina ya PVC ikichomwa kwa leza hutoa gesi yenye sumu. Ikumbukwe pia kwamba marufuku ya 2017 ililenga mifuko, si kila kitu cha plastiki.

Lakini tusijidanganye. Mashine hii hukata karatasi moja baada ya nyingine, ilhali viwanda hutumia kalibu za chuma zinazokata maelfu kwa muda mfupi. Haitamshindia muuza sukari wa jumla bei ya mfuko wa magendo. Soko lake ni lile ambalo viwanda hulipuuza: mwokaji anayetaka masanduku hamsini yenye jina lake, au maharusi wanaotaka kadi na mapambo.

Soko hilo lina pande mbili. Busia ndiko linakotajwa kuzaliwa jina boda boda, kutokana na waendesha baiskeli waliovusha abiria na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa za eneo hili zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili. Kijana mwenye masanduku na cheti hupita mchana kweupe katika kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka wa 2018. Mwenye mifuko ya magendo husubiri giza.

Wajibu sasa ni wa serikali ya kaunti. Katiba ya 2010 iliikabidhi mamlaka juu ya vyuo vya ufundi vya vijijini. Haina budi kuweka mashine chache katika vyuo hivyo, pamoja na mwalimu anayezimudu na fundi wa kuzitengeneza zikiharibika, kisha kuwaruhusu wahitimu kuzitumia kwa ada nafuu. Mashine bila nyembe za akiba wala umeme wa uhakika itageuka pambo la ofisini.

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Itakuwa aibu iwapo vijana wa mji unaopitisha mizigo ya kanda nzima wataendelea kuibeba tu, bila kutengeneza hata sanduku la kuitilia.