Pima Kompyuta Kabla ya Kuuza Ng'ombe



Juma hili nataka tuzungumze juu ya mizani. Si mizani ya chai wala ya kahawa, ambayo wazee wa Mufindi na Rungwe waijua vema, bali mizani ya kupimia kompyuta. Najua wako watakaosema, "Sisi watu wa shamba, kompyuta yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, mifugo mingi huuzwa vijijini ili mtoto aende na kompyuta. Na mara nyingine mfugo huo hupotea bure, kwa kuwa baba alinunua kwa maneno, hakununua kwa kipimo.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, baba mmoja wa parokia yetu, mkulima wa viazi huku Mufindi, alinijia jioni. Baada ya "kamwene" na kuulizana habari za nyumbani, akasema:

"Mwalimu, binti yangu amepata nafasi ya chuo huko Mbeya. Mfanyabiashara mmoja mjini aniuzia kompyuta mpakato kwa shilingi 850,000. Asema imetumika kidogo tu Ulaya, tena ni i7, hakuna iipitayo kwa mbio. Nimekwisha pata mnunuzi wa ng'ombe wangu."

"Ng'ombe yupi, baba?"

"Yule wa maziwa. Sina mwingine."

Nyumbani mwake wamo watoto wanne wadogo wanaoyategemea maziwa yale. Nikamwuliza, "Baba, mnunuzi wa viazi akikuambia gunia lina kilo kadha kwa kulitazama tu, wakubali?"

Akacheka, lakini si cheko la furaha. "Lumbesa imekwisha nifundisha, mwalimu."

Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Ni gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa, nawe ukalipwa bei ya gunia moja. Dawa yake twaijua: mizani. "Basi," nikamwambia, "wewe mwenyewe unakwenda kununua lumbesa ya namna nyingine, gunia lenye kichwa kikubwa na ndani tupu. Ngoja mpaka Jumamosi, twende tukapime."

Nikamwita mpwa wangu, asomaye mambo ya kompyuta katika Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha, pale Iringa. Akaja na saa yake na kijiti cha flashi chenye programu za kupimia. Twende basi na baba na binti yake mpaka dukani. Mwenye duka hakukasirika. Alisema, "Pimeni, mali ni hii."

Kipimo cha kwanza kilikuwa saa ya mkononi tu. Mpwa wangu aliiwasha ile i7, akahesabu muda mpaka ilipoweza kufungua ukurasa wa kuandikia. Ilichukua dakika 3 na sekunde 10. Kando yake palikuwa na kompyuta nyingine, ya i5, isiyong'aa sana, ya shilingi 560,000. Hiyo ilichukua sekunde 28.

Binti akashangaa. "Lakini kaka, saba si kubwa kuliko tano?"

"Hiyo si alama ya mtihani, dada," akajibu. "Ni jina la ukoo tu. Ukiambiwa mtu ni mzaliwa wa kwanza, umekwisha jua umri wake? Jina la i7 lilianza mwaka 2008. Iliyotengenezwa mwaka 2010 yaweza kuachwa nyuma na i3 ya mwaka 2020."

Kipimo cha pili: alibonyeza kwa pamoja vitufe vitatu, Ctrl, Shift na Esc. Ikafunguka programu iitwayo Task Manager, ambayo imo ndani ya kila kompyuta ya Windows, wala hainunuliwi. Yaonyesha nani anafanya kazi na nani amekaa. Katika ile i7, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa ikifanya kazi asilimia 9 tu. Lakini diski, yaani ghala ya kuwekea mambo, ilikuwa asilimia 100, imeelemewa kabisa.

Baba akauliza maana yake. Nikamweleza hivi. Wote twaujua mlima Kitonga. Basi likitoka Dar es Salaam laweza kuwa na injini kali namna gani, lakini likifika Kitonga likakuta lori limeharibika konani, litasimama kama mkokoteni. Ukilitia basi lile injini yenye nguvu maradufu, bado litasimama, kwa sababu shida si injini, ni lori lililo mbele. Ile i7 ilikuwa na injini nzuri nyuma ya lori bovu. Diski yake ilikuwa ya zamani, ile ya sahani izungukayo, na kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 4 tu. Ile i5 ilikuwa na gigabaiti 8, na diski ya kisasa isiyozunguka, iitwayo SSD. Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa kompyuta ile ulikuwa diski.

Kipimo cha tatu kilikuwa programu iitwayo CrystalDiskInfo, itolewayo bure. Hiyo huisoma diski yenyewe na kusema imewaka saa ngapi tangu kutengenezwa, na kama afya yake bado njema. Diski ya i7 ilikuwa imewaka saa 31,000. Tukapiga hesabu: ni zaidi ya miaka mitatu na nusu, usiku na mchana bila kuzimwa. Hayo ndiyo yaliyoitwa matumizi kidogo tu ya Ulaya!

Kipimo cha nne kilikuwa cha betri. Windows ina amri iandikwayo powercfg /batteryreport, nayo hutoa ripoti ya nguvu ambayo betri ilikuwa nayo ilipokuwa mpya, na nguvu iliyobaki sasa. Hapo ile i5 nayo ilionekana na ila: betri yake ilikuwa imebaki na asilimia 58. Hatukumficha binti jambo hilo, maana mizani haina upendeleo.

Basi baba, akiwa na hesabu mkononi, akazungumza bei kama aliyeuza viazi maisha yake yote. Mwenye duka akashuka mpaka 510,000. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Msinione mwongo, wazee. Mimi nami nilinunua kwa maneno." Baba aliuza nguruwe wawili na magunia kadha ya viazi. Ng'ombe bado yuko zizini, na asubuhi watoto wanakunywa uji wa maziwa.

Ndugu wasomaji, kosa la kununua bila kupima si la wakulima peke yao. Hata nchi yetu imelipitia. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mitambo ile ilikuwa ya gharama kubwa, wataalamu wenyeji walikuwa haba, na kazi ya kuhesabu fedha za serikali haikwenda kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, ikaondolewa kabisa katika miaka ya 1990. Leo vijana wanajifunza kazi hiyo hapa hapa kwetu, katika Chuo cha Ruaha kilichoanza mwaka 2005, na katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi. Basi tusiwaache wataalamu hao nyumbani tuendapo dukani.

Huko ng'ambo, mabwana wa kompyuta walianza zamani kutafuta kipimo kimoja cha kulinganishia mashine. Mwaka 1972, huko Uingereza, iliandikwa programu ya kupimia iitwayo Whetstone. Jina hilo ni la kijiji, lakini kwa Kiingereza lina maana ya kinoo, jiwe la kunolea panga. Programu hiyo huipa kompyuta hesabu nyingi, kisha hutazama imezimaliza kwa muda gani. Mwaka 1988 watengenezaji kadha wakaunda chama kiitwacho SPEC, ili wote wapimwe kwa kazi zile zile, pasiwe na mtu kuja sokoni na debe lake mwenyewe.

Lakini penye mizani, udanganyifu nao haukosi. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba simu ya Samsung Galaxy S4 ilikuwa ikizitambua programu fulani za kupimia, na ilipoziona ilijiongezea mbio ambazo haikuwa nazo katika michezo ya kawaida. Ni kama mtoto afagiaye ua siku Askofu anapokuja tu. Kwa hiyo usitegemee alama zilizoandikwa kwenye boksi au kwenye tangazo. Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni kazi yako mwenyewe. Mwanafunzi wa uhasibu na apime kwa hesabu zake, mchoraji wa ramani za nyumba kwa michoro yake, na karani wa parokia kwa daftari la wabatizwa.

Sasa nawapa maneno machache ya kushika, myakate na kuyaweka ndani ya kitabu cha sala msiyapoteze.

Kwanza, mwulize mtoto atafanya kazi gani, ndipo utafute mashine. Jembe la bustani na jembe la kukokotwa na ng'ombe si moja.

Pili, pima kila jambo mara tatu. Kompyuta iliyotoka kuwashwa na iliyokwisha kupata moto hazitoi jibu moja. Ikiwa mwendo unashuka kadiri inavyopata moto, huenda ndani mmejaa vumbi, au feni yake imechoka.

Tatu, tazama mambo manne katika Task Manager unapofanya kazi: prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Lile linalofika juu kabisa na kukaa huko, hilo ndilo lori la Kitonga.

Nne, usiihukumu kompyuta kwa kosa la mnara. Kama kurasa za intaneti zinakawia lakini maandishi yaliyomo ndani yanafunguka upesi, kompyuta ni nzima. Mpya haitakusaidia, utakuwa na kompyuta mbili za kungoja mnara mmoja.

Tano, usitupe ya zamani kabla hujaipima. Hata ile i7 haikuwa takataka: ukiibadili diski na kuiongezea kumbukumbu, itaamka. Shule nyingi za parokia zina kompyuta za msaada zilizofunikwa vitambaa kwa sababu "ni nzito". Mwalimu mkuu na amwite kijana anayejua, wapime kwanza. Pengine kinachohitajika ni kifaa kimoja kidogo, wala si mchango mpya kwa wazazi.

Sita, kama muuzaji hakubali upime, mshukuru uende zako. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kitabu cha Mithali, sura ya 11, chaanza kwa kutuambia jinsi Mungu anavyoichukia mizani ya hila. Mara nyingi twausoma mstari ule tukimfikiria mwenye duka. Lakini sisi nasi tu wauzaji. Yule baba wa viazi, tulipokuwa tukirudi garini, alikaa kimya kitambo, kisha akaniambia, "Mwalimu, mwaka huu nami sitaweka viazi vidogo chini ya gunia." Sikumjibu neno, maana nami nilikuwa nikiyakumbuka magunia yangu.

Binti yuko Mbeya, anaendelea vema na masomo. Ameandika kwamba wenzake humletea kompyuta zao awapimie, naye huwafanyia bila malipo. Baba yake amenunua daftari dogo, aandika humo kilo za kila gunia linalotoka shambani mwake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za viazi zisiote kabla ya wakati. Kaeni na amani ya Kristu.