Hoteli Imepata Kata, Kilabu Kimepata Nini?

Katika Manispaa ya Mpanda iko kata iitwayo Mpanda Hotel. Mgeni ashukaye kwenye treni akilisikia jina hilo hucheka kidogo, maana si kawaida kata nzima ya wananchi kuitwa kwa jina la hoteli. Sisi hatucheki. Jina hilo latufundisha jambo. Hoteli ni nyumba ya wageni na ya wenye fedha, nayo imepewa kumbukumbu: kila barua ya ofisi ya kata na kila orodha ya wapiga kura hubeba jina lake. Je, vilabu na baa za kale, ambamo wafanyakazi wa mji huu walipumzika, wakacheza dansi na wakazungumza habari za mishahara yao, zimepewa nini? Hazikupewa hata ubao.

Mji wa Mpanda uliletwa na jasho. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko Mukwamba, na kwa ajili ya mgodi huo Waingereza wakajenga reli kutoka Kaliua, kilometa 210, iliyofika hapa mwaka 1950. Kwa reli hiyo madini yakatoka, na kwa reli hiyo watu wakaingia. Wenyeji wetu, Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, wakajikuta wakiishi mtaa mmoja na Wafipa, Wanyamwezi, Waha na wengine wengi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kampuni ikachukua vitabu vyake ikaenda zake, lakini mji haukufa.

Sasa tuulize swali la haki. Kampuni iliandika tani zake na faida yake. Nani aliandika jioni za wachimbaji? Mtu aliyetoka shimoni, mwili umejaa vumbi, alikwenda wapi? Alikaa na nani? Walipoimba, waliimba nini? Mambo hayo hayamo katika vitabu vya kampuni. Yamo katika vichwa vya wazee, na wazee wanatuaga mmoja mmoja.

Ndiyo sababu mwezi uliopita, baada ya mkutano wa tawi, tulikwenda watatu kuitazama baa moja kongwe ya mjini. Mtaa wenyewe usiku haulali. Huku nyama choma, kule bodaboda zinagombea abiria, na kila baa mpya imeweka spika mlangoni kana kwamba inashindana na jirani yake nani atawatia watu uziwi kwanza. Katikati ya kelele hizo iko nyumba fupi ya bati lililopata kutu, yenye ukuta mnene na mabenchi ya mbao ngumu. Sakafu yake ya saruji imelainika kwa miguu ya wacheza dansi. Nyuma kuna mwembe, na chini yake akina mama wanauza wanzuki, pombe ya asali. Twajua asali ni mali ya misitu yetu ya Katavi.

Tulimwamkia mama mwenye nyumba, akatupokea kama wajukuu zake. Yeye na wazee wawili waliokuwapo walituhadithia mengi. Walituambia jinsi santuri zilivyoletwa kwa treni kutoka Tabora, na jinsi mtu mwenye gramafoni alivyoheshimiwa kama mwenye gari. Walitaja Tabora Jazz, wakataja Western Jazz iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Bwana Iddi Nhende. Vijana wengi leo hawajui kwamba jina la Western latokana na Jimbo la Magharibi, ambalo Mpanda ilikuwa ndani yake. Hata baada ya Uhuru tulibaki upande wa Tabora mpaka Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, na Katavi ikazaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo wazee wale wakisema "muziki wetu", wanasema kweli tupu. Historia ya mipaka ya mkoa wetu tuliipata kwenye benchi la baa, kabla ya kuiona katika kitabu chochote.

Kisha tukaambiwa habari iliyotuuma. Kiwanja kimepata mnunuzi. Nyumba itavunjwa, na mahali pake patajengwa maduka. Hatumlaumu mwenye kuuza, kwa maana mali ni yake na karo za wajukuu hazilipwi kwa kumbukumbu. Tunajilaumu sote kama mji, kwa kuwa hakuna hata mtu mmoja aliyekuja na daftari.

Wako ndugu watakaosema: "Mtu wa chama ana shughuli gani baa? Huko ni kwa walevi." Tuwajibu kwa heshima. Mwaka 1953 Serikali ya mkoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilimbidi mwaka 1955 aache kazi ya kufundisha Pugu ili aendelee na TANU. Wasomi wengi walikuwa na hofu, na haki yao, maana mshahara ulikuwa mkononi mwa bwana mkubwa. Mwaka huohuo Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, alipoombwa awalete wanawake chamani, hakwenda kuwatafuta maofisini. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na wapika pombe walikuwa miongoni mwa walioitikia. Katika miezi michache maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam walichukua kadi. Siri ilikuwa nini? Mpika pombe hakuwa na bwana wa kumfukuza kazi. Alikuwa na chungu chake, wateja wake na ulimi wake. Anayedharau kilabu adharau pia mlango mmoja ambao Uhuru uliingilia.

Tena tusisahau kwamba pombe yenyewe ilikuwa na ubaguzi. Kwa miaka mingi ya utawala wa Mwingereza sheria ilimzuia Mwafrika asinywe vinywaji vikali vya Kizungu. Wiski ilikuwa ya Mzungu, na Mwafrika aliachiwa pombe ya kienyeji, nayo kwa kibali, kwa ushuru na kwa saa alizopangiwa. Mahali pa kunywea palimwambia mtu thamani yake mbele ya Serikali. Je, hiyo si historia ya siasa?

Tazameni Dar es Salaam. Wajerumani walijenga hoteli yao, Kaiserhof, ambayo baadaye iliitwa New Africa. Jengo lile la kale limekwisha bomolewa na jingine limesimama mahali pake, lakini jina la Kaiserhof na picha zake zimo vitabuni. Hoteli ya wakubwa ikivunjwa, hubaki katika karatasi. Kilabu cha wadogo kikivunjwa, hubaki vumbi.

Hatusemi ulevi ni jambo la kujivunia. Hasha! Tumeona mishahara inayoishia mezani kabla haijafika nyumbani, na tumeona watoto wakitumwa kumtafuta baba usiku. Gongo imepigwa marufuku kwa sheria, na hadi leo inaua. Kuihifadhi habari ya kilabu si kuisifu chupa. Mwalimu wa historia hufundisha habari za utumwa, wala hakuna amwitaye mfanya biashara ya watumwa.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, kila tawi la mjini lichague vijana wawili wenye daftari na simu ya kurekodia, wakakae na wazee: nani alianzisha mahali hapa, mwaka gani, waliimba nini, mgodi ulipofungwa ikawaje. Kazi hiyo haihitaji bajeti, yahitaji adabu na subira. Pili, Halmashauri ya Manispaa, kabla ya kutoa kibali cha kuvunja nyumba ya zamani, idai picha zake na maelezo yake viwekwe katika maktaba ya shule mojawapo. Tatu, akina mama wauzao pombe ya asali wapewe mahali safi penye maji na choo, na leseni wanayoweza kuilipa, badala ya kufukuzwa kila mwaka kama wezi wakati ushuru wao unapokewa.

Mnunuzi wa kiwanja kile hana haraka, amesema atavunja baada ya mvua. Basi muda tunao, ingawa ni mfupi. Vijana wa Mpanda, mwembe ule bado una kivuli na wale wazee wawili bado wana sauti. Nendeni wiki hii. Wasalimieni kwanza, kisha fungueni daftari.