Baraza la Nyumbani: Rangi ya Vumbi



Jioni moja, katika ua wa nyumba za askari, mama mmoja aliyekuwa akianika nguo za mumewe aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. "Ndugu mwandishi," alisema, "serikali imemvisha mume wangu rangi ya vumbi, nami kila Jumamosi nashinda bombani nikipigana na vumbi hilo hilo. Nikifua nguo hii hata ing'ae, je, nimemsaidia au nimemharibia kazi?"

Wenzake waliangua kicheko, nami nilicheka pamoja nao. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba swali la mama yule halikuwa la mzaha. Tangu zamani binadamu ameitumia rangi kwa haja mbili zinazopingana, yaani kuonekana na kutoonekana. Na askari waliochanganya haja hizo mbili wamelilipia kosa hilo kwa roho zao.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Rangi ambazo Kiswahili kinazitaja kwa maneno yake ya asili ni tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zilizobaki tumezipa majina ya vitu tuvionavyo. Kijani ni rangi ya jani, kijivu ni rangi ya majivu, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, na kahawia imetokana na kahawa. Wekundu mzito uelekeao weusi wazee wetu waliuita damu ya mzee. Ni jina lenye hadithi nzima ndani yake, maana damu ya kijana haikufikiriwa kuwa na uzito ule.

Neno kaki nalo ni la namna hiyo hiyo. Limetoka katika lugha ya Kiajemi, likapitia Kihindustani, na huko "khak" maana yake ni vumbi au udongo. Kwa hiyo yule mama alisema kweli bila kujua: askari aliyevaa kaki amevaa vumbi kwa jina na kwa rangi.

Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa muda mrefu majeshi ya Ulaya yalivaa rangi za kung'aa. Jeshi la Bunge la Uingereza lililoundwa mwaka 1645 lilivishwa makoti mekundu, na desturi hiyo ikadumu kwa zaidi ya miaka 200. Wako wasemao kwamba wekundu ulichaguliwa ili damu ya majeruhi isionekane. Hilo si kweli, maana damu ikikauka huwa nyeusi, na juu ya nguo nyekundu doa lake huonekana waziwazi. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa bei. Mizizi ya mmea ambao Wafaransa huuita garance ilitoa rangi nyekundu isiyo ghali, nayo ilishika vizuri katika sufu iliyochemshwa kwa shabu. Maofisa walipata wekundu mkali zaidi, uliotokana na kidudu kidogo cha Mexico kiishicho juu ya mpungate. Hivyo hata katika wekundu mmoja, cheo kilijulikana kwa mbali.

Tena palikuwa na sababu ya vita yenyewe. Bunduki za zamani hazikuweza kulenga mbali, na baruti yake ilitoa moshi mzito uliofunika uwanja. Jemadari aliyesimama kilimani alihitaji kujua nani ni wake na nani ni adui. Katika moshi ule rangi kali ilimkinga askari asipigwe na wenzake.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa, Paul Vieille, aligundua baruti isiyotoa moshi mwingi, na bunduki mpya zikaweza kuua kwa mbali sana. Moshi ulipoondoka, koti jekundu likabaki peke yake katikati ya uwanja kama ua katika majani makavu.

Waliolitambua jambo hilo mapema walikuwa askari waliokaa mipakani. Mwaka 1846, huko Peshawar, ofisa Mwingereza aitwaye Harry Lumsden alianza kuunda kikosi cha wapelelezi, na baada ya muda mfupi akawavisha nguo za rangi ya ardhi ya kule. Wakati wa maasi makubwa ya India ya mwaka 1857, vikosi vingine vilizichovya sare zao nyeupe katika chai, tope na viungo vya mchuzi ili zififie. Ndugu zangu akina mama, tazameni jinsi rangi ya jeshi ilivyozaliwa katika sufuria ya jikoni! Tatizo likawa lile mlijualo nyote: nguo ilipofuliwa mara mbili tatu rangi ilichujuka, na kila askari akawa na kaki yake. Ndipo katika miaka ya 1880 viwanda vya Uingereza vilipopata njia ya kutia rangi kwa madini ya chuma na kromiamu, rangi isiyotoka kwa jua wala kwa sabuni.

Wenzetu wa kaskazini waliona mwisho wa zama zile. Tarehe 30 Desemba 1885, huko Ginnis katika Sudan, askari wa Uingereza walipigana wakiwa na makoti mekundu, na vita hivyo huhesabiwa kuwa vya mwisho kwa makoti hayo. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899, kaki ilikuwa imekwisha shika nafasi yake. Jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, ambalo kikosi chake cha 4 kilitoka Uganda, nalo lilizaliwa katika zama za kaki.

Wafaransa hawakutaka kusikia. Suruali yao nyekundu ilikuwa fahari ya taifa, na walipoambiwa waibadilishe, wakubwa wengi walikataa wakisema kwamba kuiondoa ni kuiondoa Ufaransa yenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta mwezi Agosti 1914 wakiwa na suruali ile ile. Katika siku moja tu, tarehe 22 Agosti 1914, Wafaransa wapatao 27,000 waliuawa. Si haki kusema kwamba suruali pekee ndiyo iliyowaua, maana palikuwa na mizinga, bombomu, na amri za kushambulia mahali peupe. Lakini aliyevaa nyekundu katika shamba la ngano lililokomaa hakuwa na pa kujificha.

Kinachosikitisha zaidi ni hiki. Rangi ile waliyoiita roho ya Ufaransa ilikuwa haitoki Ufaransa tena. Tangu wakemia wa Kijerumani walipogundua mwaka 1869 namna ya kuitengeneza kiwandani, wakulima wa garance waliangamia, na wekundu wa suruali ukawa unanunuliwa Ujerumani. Mwezi Julai 1914 Wafaransa walikuwa wamekubali kitambaa kipya chenye nyuzi buluu, nyeupe na nyekundu zilizochanganywa. Vita vilipoanza, rangi nyekundu haikupatikana, kwa kuwa muuzaji alikuwa ndiye adui. Wakafuma buluu na nyeupe tu, na sare ile iliyojulikana kama buluu ya upeo wa macho ikazaliwa kwa upungufu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo ndipo wachoraji walipoitwa vitani. Mwaka 1915 Ufaransa iliunda kikosi cha kuficha silaha kwa rangi, kikiongozwa na mchoraji Guirand de Scévola. Kazi ya mchoraji ni kukifanya kitu bapa kionekane kina umbo, na sasa waliambiwa wafanye kinyume, yaani mzinga wenye umbo uonekane si kitu. Marekani alikuwapo mchoraji mwingine, Abbott Thayer, ambaye tangu mwaka 1896 alikuwa amekwisha eleza siri ya wanyama: wengi wao wana mgongo uliokolea na tumbo jeupe. Mwanga wa juu huung'arisha mgongo, kivuli hulififisha tumbo, na mnyama hupoteza umbo lake. Msomaji aliyewahi kumwangalia swala mbugani akasita kujua kama ni swala au ni kichuguu, amekwisha lipata somo hilo bila kitabu.

Wala rangi ya kuficha si moja kwa kila mahali. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, wakiwamo wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, walipigana huko Burma katika bonde la Kabaw. Kaki iliyofaa katika nyika kavu ingewafichua katika msitu uliolowa mvua, kwa hiyo huko vikosi vilivaa kijani cha msituni. Kinyonga analijua jambo hilo tangu azaliwe, ila majeshi yamechelewa kujifunza kwake.

Isidhaniwe kwamba rangi ya udongo ilifika kwetu na wageni. Buganda ilikuwa na vazi lake kabla ya kaki: gome la mti wa mutuba, lililochemshwa, likapondwa kwa nyundo za mbao katika banda, kisha likaanikwa. Jua ndilo linaloligeuza gome hilo liwe na wekundu wa chungu kilichochomwa. La wafalme na wakuu lilitiwa weupe au weusi ili heshima yao ionekane. UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Tofauti na kaki ni kwamba rangi ile haikuwekwa kumficha mtu. Iliwekwa ili ajulikane ni nani.

Na hilo ndilo fungu la pili la neno letu, maana kuna wakati rangi lazima ionekane. Polisi wa London walipoanzishwa mwaka 1829 walivishwa buluu kwa makusudi, ili wananchi wasiwadhanie kuwa wanajeshi wa makoti mekundu waliotumwa kuwapiga. Askari wa trafiki wa Uganda huvaa nyeupe, na dereva humwona kabla hajafika njia panda. Askari wa jeshi hujificha kwa adui, lakini polisi ni wa kuonwa na raia. Mwenye shida usiku atamkimbilia nani, ikiwa hawezi kumtambua mlinzi wake?

Hata sheria za vita zimeyazingatia mambo hayo. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 ziliwataka wapiganaji wasio wa jeshi la kawaida, ili wapate haki za askari, wawe na alama maalumu inayotambulika kwa mbali, na zikakataza kuitumia isivyo halali sare ya adui. Maana yake ni kwamba askari anaruhusiwa kujificha nyuma ya kichaka, lakini haruhusiwi kujificha nyuma ya raia. Mpaka huo ukivunjwa, anayeumia kwanza ni mwanakijiji asiye na silaha.

Sasa narudi kwa mama yangu wa bombani, nina jibu lake.

Kwanza, mama, fua vumbi lililoingia, usiliondoe lililotiwa kiwandani. Sare za vita za siku hizi hutiwa rangi kwa ufundi maalumu, ili zisitambulike kwa darubini za usiku. Wanga, dawa za kutoa madoa, na sabuni zenye dawa ya kung'arisha huuharibu ufundi huo, na mvaaji huonekana pale ambapo angepotea gizani. Tumia maji ya baridi na sabuni ya kawaida, igeuze nguo ndani nje, na uianike kivulini. Sare ya gwaride ni jambo jingine, hiyo ipige pasi hata kunyanzi lisionekane.

Pili, sare iliyochakaa isigeuzwe kuwa matambara ya kuuzwa, wala isikatwe kaptura ya mtoto, wala asiazimwe shemeji wa kijijini. Irudishwe ghalani kama kanuni zitakavyo. Jambazi aliyevaa sare hahitaji kuvunja mlango, maana mwenye nyumba atamfungulia mwenyewe kwa heshima. Na siku inayofuata, mtaa mzima utamwogopa mumeo asiye na kosa.

Tatu, waambieni watoto historia hii. Mtoto wa askari huicheka nguo ya baba yake iliyofifia, akitamani rangi za kung'aa azionazo kwa wengine. Aelezwe kwamba palikuwa na vijana waliokwenda vitani wakiwa wekundu kama maua, wengi wao hawakurudi, na rangi hii ya vumbi ilichaguliwa na watu waliokwisha wahesabu.

Mama yule nilimpelekea jibu langu juma lililofuata. Alilisikiliza, akaitazama nguo iliyokuwa mkononi mwake, kisha akaitoa juani akaihamishia chini ya mwembe. "Basi," akasema, "hili vumbi la serikali nimeliacha. Ila lile la barabarani, hilo bado ni langu."

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya moshi wa jikoni na macho ya watoto.